Yaya Ndiye Alibeba

Kila asubuhi, kabla ya kugusa kazi yoyote, Sajenti Nekesa alipangusa mchanga. Upepo wa Lodwar uliuingiza kituoni kwa kila ufa, ukalala mezani, ndani ya droo, hata katikati ya kurasa za kitabu cha matukio. Alianza na meza kwa kitambaa chenye maji, akaja kwenye kiti, kisha akakikung'uta kitabu nje ya dirisha. Jumamosi hiyo, tarehe kumi na tano Juni 2013, alikuwa amekining'iniza kitabu kichwa chini aliposikia meza ikipigwa kofi nyuma yake.

"Afande, mbona huyu msichana hajaandikiwa mashtaka?"

Nekesa alikirudisha kitabu mezani na kufunga dirisha. Mwanamke aliyesimama mbele yake alivaa fulana ya zambarau iliyoandikwa TAMASHA LA SIFA, na shingoni alining'iniza kitambulisho cha chuo.

"Keti, mwalimu. Wewe ni nani?"

"Wangari. Nafundisha hesabu Chuo cha Lokapel, na ni mlezi wa Umoja wa Kikristo wa wanafunzi. Jana jioni nilileta hapa msichana wangu wa kazi. Aliiba kinanda cha chuo. Leo saa kumi tuna tamasha, kwaya zinatoka mpaka Kakuma, na redio imetangaza wiki nzima kwamba kutakuwa na kinanda kipya. Nataka aseme alikokipeleka."

"Amekataa kusema?"

"Anasema sawa tu. Ukimwuliza chochote, sawa tu."

Nekesa alisoma maandishi ya zamu ya jioni. Yalikuwa mistari minne. Kinanda kimoja kipya, cheusi, kimetoweka ukumbini Ijumaa kati ya saa sita na saa tisa mchana. Mshukiwa ni Napeyok, miaka kumi na tisa, yaya wa mlalamishi. Ufunguo wa ukumbi ulikuwa mikononi mwake. Adapta ya kinanda imepatikana katika kabati la jikoni. Kuna shahidi aliyemwona.

"Shahidi ni nani?"

"Anaitwa Mapendo, msichana wa kwaya ya wakimbizi Wakongo kule kambi ya Kakuma. Alikuja jana na fundi wao wa vyombo kujaribu mitambo, wakarudi Kakuma mchana. Nilipokuta kinanda hakipo nikampigia fundi, simu imezimwa. Nikampigia kiongozi wa kwaya, akampa Mapendo simu. Nikamwuliza, nani alichukua kinanda? Akajibu hapo hapo: 'Yaya ndiye alibeba.'"

"Maneno hayo?"

"Hayo hayo. Nikamwuliza kama ana hakika, akasema alimwona kwa macho yake. Nikamshukuru, na laini ikakatika."

"Chuoni kuna yaya wangapi?"

"Ni wangu tu. Walimu wengine hawana watoto wadogo. Ukisema yaya pale Lokapel, hata mbuzi wanajua ni nani."

"Na baada ya simu ulifanya nini?"

Wangari alizungusha kamba ya kitambulisho kwenye kidole. "Nilimtoa jikoni nikampeleka ukumbini kwenye mazoezi. Nikasema mbele ya kwaya yote, huyu hapa ndiye mwizi wa kinanda chenu. Nilitaka aone haya, aseme."

Nekesa aliandika hayo pia.

Konstebo Ekai ndiye aliyemleta Napeyok kutoka seli ya wanawake. Alikuwa msichana mrefu, amejifunga leso, na viatu vyake alivishika mkononi. Nekesa alimwomba Wangari angoje nje, akafunga mlango.

"Ejok, dada," Ekai alimsalimia.

"Ejok."

"Napeyok," Nekesa alisema, "usiniambie habari ya kinanda. Niambie jana ulipika nini."

Msichana alimtazama kwanza Ekai, kisha sajenti. "Ugali na maharagwe."

"Mtoto alilala saa ngapi?"

"Saa sita na nusu."

"Ukakaa peke yako?"

"Nilikuwa naosha vyombo. Halafu yule kaka wa Kakuma alikuja kurudisha ufunguo. Nilimpa asubuhi, kwa sababu madam alisema fundi akija nimpe."

"Alirudisha ufunguo tu?"

"Na ile kitu ya stima. Alisema, wekea mwalimu hii, imeungua. Nikaweka kwa kabati."

"Jana uliwaambia hivyo?"

"Hawakuuliza hiyo. Waliuliza tu, umepeleka wapi. Sasa nitasema nimepeleka wapi na sijapeleka?"

Ekai alikohoa kuficha kicheko. Nekesa aliendelea kuandika.

"Jumatatu unaweza kupelekwa mahakamani. Unajua?"

"Najua. Mama yangu ako Kalemng'orok. Anaimba kwa kanisa. Watu watamwambia, msichana yako ameiba vitu ya Mungu." Napeyok alivihamisha viatu kutoka mkono mmoja hadi mwingine. "Sawa tu."

Nekesa aliichukua bahasha ya vielelezo, akaitoa adapta na kuipeleka puani. Akampa Ekai.

"Inanuka kama sufuria ya plastiki imeanguka motoni," Ekai alisema.

"Wewe ungeiba redio ukaacha waya wake?"

"Afande, mimi ningebeba redio, waya na ukuta wa kuchomekea."

Wangari aliporudishwa ndani na kuulizwa swali hilo hilo la waya, alikuwa na jibu tayari. "Aliuacha kwa sababu ya haraka."

"Mwenye haraka angeuacha ukumbini, mwalimu. Huu umetembea mpaka jikoni kwako, ukawekwa kabatini pamoja na sahani. Twende nione geti lenu."

Geti la Chuo cha Lokapel lililindwa na mzee mmoja mwembamba aitwaye Longor, mwenye kofia ya sufu hata katika jua lile. Ndani, wanafunzi walikuwa wakisimamisha jukwaa uwanjani na kufunga spika juu ya mapipa. Kijana mmoja aliita, "Madam, tumepata kinanda?" Wangari akajifanya hakusikia.

Nekesa alikifungua kitabu cha geti kwenye ukurasa wa Ijumaa. Ekai alisoma juu ya bega lake.

"Saa saba kasoro dakika kumi. Pikapu nyeupe, inaenda Kakuma, watu wawili. Imebeba simenti moja." Alipiga mluzi. "Afande, hii kesi imekuwa mbili! Si wanajenga bweni hapo nyuma? Watu wa kwaya wanatoka na simenti ya chuo!"

Walikwenda kwa msimamizi wa ujenzi. Alikuwa amelala kivulini kwenye rundo la mchanga, na alipoulizwa alicheka bila kuinuka.

"Simenti ipi? Simenti iliisha Jumanne. Unaona mtu anafanya kazi hapa? Tunangoja lori kutoka Kitale."

Kwa hiyo haikuwa simenti. Nekesa alirudi getini, akakigeuza kitabu kuelekea jua na kusoma herufi moja moja kwa ncha ya kalamu. S. I. N. T. E.

"Mzee Longor, hapa uliandika nini?"

"Sinte."

"Sinte ni nini?"

"Sijui, afande. Mimi niliona kitu imefunikwa blanketi. Nikauliza yule kijana, hii ni nini? Akasema sinte. Nikaandika sinte. Mimi naandika vile naambiwa."

"Ilikuwa ndefu kiasi gani?"

Longor alitandaza mikono yake yote miwili. Ikawa haitoshi, akapiga hatua moja kando.

"Lakini jana nilikuuliza kama kinanda kimetoka!" Wangari alisema.

"Uliniuliza, madam. Nikasema kinanda haijatoka. Na haikutoka. Sinte ndiyo ilitoka."

Ekai aligeuka akatazama barabara, mabega yakimtikisika.

"Wakongo huita kinanda sinte," Nekesa alisema. "Nimewahi kulisikia kwa wauza redio wa kambini, sikulitilia maanani."

"Basi Wakongo ndio wezi!"

"Polepole, mwalimu. Tayari una mwizi mmoja seli. Mtu anayeiba hamtajii mlinzi jina la kitu alichoiba, na harudishi ufunguo kwa adabu. Huyu amechukua chombo kilichoungua waya. Tutamtafuta kwa mafundi."

"Na Mapendo? Alimwona yaya kwa macho yake."

"Hapo ndipo sijaelewa. Shahidi anasema mmoja, kitabu kinasema mwingine. Utaratibu ni shahidi amtambue mshukiwa uso kwa uso. Tunaenda Kakuma sisi wote, na Napeyok."

Waliondoka saa tatu. Ekai aliendesha, Nekesa akakaa mbele na kitabu cha geti mapajani. Nyuma, Wangari na Napeyok walikaa wakitazamana kwenye mabenchi ya chuma, na kila gari liliporuka shimo magoti yao yaligongana. Mwanzoni Wangari alisema pole kila mara. Baadaye aliacha.

Kanisa la kwaya ile lilikuwa la matofali ya udongo na mabati, ndani kabisa ya kambi. Waimbaji walikuwa nje na mizigo yao, wamevaa vitenge vya manjano, wakingoja basi na askari wa kuwasindikiza. Walipoliona gari la polisi waliacha kuongea. Kiongozi wao alimwonyesha Nekesa msichana mdogo wa umbo aliyekuwa akimsuka mwenzake.

"Wewe ndiye Mapendo? Habari yako, mama. Hakuna aliyekushtaki. Nataka unisaidie jambo moja."

Nekesa aliomba wanawake saba wa kwaya wasimame mstari mmoja. Napeyok aliambiwa achague mahali mwenyewe. Alichagua nafasi ya tano. Wangari alisimamishwa kando, mbali, akakatazwa kunyoosha kidole wala kukohoa.

"Mapendo, jana ulimwambia mwalimu kwamba yaya ndiye aliyebeba kinanda. Tembea mbele ya hawa wote, unionyeshe huyo aliyebeba."

Mapendo alitembea. Alifika mwisho wa mstari, akarudi mwanzo, akamtazama sajenti kama mtu aliyepewa hesabu isiyo na jibu.

"Hayuko hapa."

"Tazama tena."

"Mama, hayuko. Hawa ni banawake tupu."

"Si huyo?" Wangari alishindwa kuvumilia. "Huyo wa tano! Si ndiye uliyemwona?"

"Huyu? Huyu njo dada alitupatia ufunguo. Ni dada mzuri, alitupatia na maji ya kunywa."

"Sasa nani alibeba kinanda?" Nekesa aliuliza.

"Sinte? Yaya njo alibeba."

Ekai alivua kofia, akaivaa tena. "Dada, yaya wa nani?"

"Yaya wangu."

"Wewe una yaya?" Ekai aliangua kicheko. "Haki ya Mungu! Mimi miaka tisa polisi, watoto wanne nyumbani, sina yaya. Na wewe hapa kambini una yaya!"

Hakuna aliyecheka naye. Mapendo aliinua kidevu.

"Niko naye mumoja. Nilikuwa nao batatu. Babili babakia Uvira, kwa kaburi."

Safari hii Ekai alivua kofia akabaki ameishika. "Nisamehe, dada."

Nekesa alikuwa ameacha kuandika. Alimtazama Mapendo, akamtazama Napeyok aliyesimama wa tano, kisha akauliza taratibu, akitenga kila neno.

"Mapendo. Kwa lugha yenu, yaya ni nani?"

 Msichana aligeukia kanisa, akaweka viganja mdomoni. "Yaya! Yaya, kuya! Polisi banakutafuta!"

Kutoka nyuma ya kanisa akatokea mwanamume mrefu, bisibisi nyuma ya sikio, na begani kitu kirefu kilichofungwa blanketi la kijivu. Alipowaona askari aliteremsha mzigo wake polepole na kuinua mikono.

"Huyu njo yaya wangu," Mapendo alisema. "Byamungu. Mukubwa wangu. Mimi na yeye tumetoka tumbo moja."

 Mwanamke mmoja wa kwaya akauliza, "Kwani kule Lodwar yaya ni nani?" Ekai akamweleza: ni msichana wa kulea watoto, wa kupika na kufua. Mwanamke akajishika kiuno kwa kicheko, akawageukia wenzake akawaambia, na kicheko kikapita mstari mzima. Kilipofika kwa Napeyok kilikoma. Yeye alikuwa amefunika uso kwa leso.

"Shusha mikono, kaka," Nekesa alimwambia Byamungu. "Niambie yote."

"Jana tulijaribu vyombo, jenereta yenu ikaleta moto mukali. Adapta ikaungua, sinte ikanyamaza. Nikasema, kesho ni tamasha, Lodwar simjui fundi. Nikaleta kwa Koang, ule Mnuer wa Sudan Kusini, pale Kakuma Moja, anatengeneza redio za kambi yote. Asubuhi amemaliza."

"Mbona hukumwambia mwalimu?"

"Simu yangu iko kwa duka la kuchaji. Nilituma Mapendo awaambie."

"Na niliwaambia!" Mapendo alisema. "Mwalimu aliuliza nani alibeba, nikasema yaya alibeba. Akasema asante. Nikajua mambo ni sawa."

Byamungu alifungua blanketi. Kinanda kilikuwa kizima, cheusi, bila mkwaruzo. Alikigeuza, akatia betri sita kubwa, akakiweka juu ya sanduku la nguo na kubonyeza vidole vitatu kwa pamoja. Sauti ilijaa uwanja wote. Kwaya ikaitikia palepale bila kuambiwa, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, na watoto wakaja mbio kutoka kwenye vichochoro vya mabati. Napeyok aliketi chini mchangani mahali alipokuwa amesimama, wa tano, na wale saba wakaimba wakimzunguka.

Nekesa alingoja wimbo uishe. Kisha alichuchumaa kando yake, daftari kwenye goti.

"Nakusomea nilichoandika. 'Saa sita na dakika ishirini, Kakuma. Kinanda kimepatikana. Hakuna wizi uliofanyika. Napeyok hakuhusika kwa namna yoyote na ameachiliwa.' Ukikubali, tia sahihi."

Napeyok alishika kalamu, akaandika jina lake lote kwa herufi kubwa, mpaka likavuka mstari.

"Bwana asifiwe!" Wangari alisema. Alikuwa amelowa jasho mgongoni. "Neno moja tu limetusumbua hivi! Haya, mambo yameisha, twendeni. Napeyok, ukifika uoge upumzike kidogo kabla ya kupika."

Napeyok alimtazama. Hakusema sawa tu. Aliporudi kwenye gari aliketi mbele, katikati ya Ekai na Nekesa, na hakuna aliyemwambia ahame.

Waliingia Lodwar saa kumi kasoro robo, basi la kwaya likiwafuata nyuma likiimba kwa madirisha yote. Longor alifungua geti mabawa mawili. Alipomwona Byamungu na mzigo wake alichukua kalamu, akafikiri, akaandika kwa sauti: "Sinte moja. Imerudi."

Uwanja ulikuwa umejaa. Walikuwepo wanafunzi, wafanyakazi wa serikali na wake zao, wafanyabiashara wa mjini waliofunga maduka, na akina mama wa Kiturkana wenye shanga zao shingoni waliokaa mbele kabisa. Byamungu alipokipandisha kinanda jukwaani watu walisimama wakapiga makofi na vigelegele kana kwamba ni mtu aliyerudi kutoka hospitali. Wanafunzi walimbeba juu juu. Kwaya ya chuo, ile iliyokuwa mazoezini jana, ilikuwa imepanga mistari yake nyuma ya jukwaa.

Wangari alipanda, akapokea kipaza sauti.

"Wapendwa, Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Kama mnavyoona, kinanda kiko hapa. Kulikuwa na hali fulani ya kutoelewana kidogo, mambo ya lugha, adui alijaribu kutuvuruga, lakini tunamshukuru Mungu yote yamenyooka, kwa hiyo bila kupoteza wakati..."

"Madam."

Halikuwa neno la kelele, lakini spika iliyokuwa kando ya ngazi ilinyamaza wakati huo, na watu wa mbele walilisikia. Napeyok alikuwa amepanda ngazi mbili kati ya nne. Bado alikuwa na viatu mkononi.

"Jana hukusema hivyo," alisema. "Jana ulisema vizuri, kila mtu alisikia. Sema vizuri tena."

Wanakwaya waliangaliana. Mmoja wao, msichana wa sauti ya kwanza, aliinamisha kichwa. Wangari alitazama uwanja, akamtazama Nekesa aliyesimama chini karibu na mapipa ya spika, mikono nyuma. Nekesa hakumsaidia kwa jicho wala kwa kichwa.

Kipaza sauti kilishuka, kikapanda tena.

"Jana," Wangari alisema, kisha akaanza upya. "Jana jioni nilimsimamisha Napeyok mbele ya kwaya hii nikamwita mwizi. Akalala seli. Hakuiba. Hakuna mtu aliyeniambia ameiba. Nilisikia neno moja kwa simu, nikalimalizia mwenyewe, kwa sababu kwangu ilikuwa rahisi kuamini ni yeye. Mtoto wangu anamwamini kila siku, mimi nikashindwa siku moja. Napeyok, nilikusingizia. Nisamehe."